Mwanachuo Aendapo Kijijini

Katika vyuo vya ualimu hakuna mada inayofundishwa kwa wepesi zaidi kuliko ile ya uhusiano wa shule na jamii. Mkufunzi huingia darasani, huandika ubaoni kwamba shule si kisiwa, hutaja Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, huorodhesha faida za ushirikiano, na kengele hulia. Wanachuo hunakili, na katika mtihani hujibu vema. Sisi tumeifundisha mada hii kwa miaka minane, na kwa miaka mitano ya mwanzo hatukuwahi kujiuliza kama chuo chenyewe hakikuwa kisiwa. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyolazimika kujiuliza. Tunawaandikia ninyi mnaojiandaa kwenda kufundisha katika shule za msingi, kwa sababu kosa tulilolitenda linatendeka kwa urahisi sana, tena kwa nia njema.

Chuo chetu kiko kandokando ya bonde la mpunga. Ukisimama kwenye ngazi za bwalo waweza kuyaona mabati ya shule ya msingi ya kijiji jirani, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Mwezi wa Aprili 2022 tuliwapeleka wanachuo wa mwaka wa pili kijijini hapo kufanya uchunguzi juu ya utoro. Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa amelalamika kwamba kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, darasa la tano na la sita hubaki nusu. Tuliandaa dodoso lenye maswali thelathini na moja. Tuliliandaa sisi wenyewe, ofisini, kwa siku mbili, kwa kufuata kitabu. Swali la tisa liliuliza: "Je, unathamini elimu ya mtoto wako?" Swali la kumi liliuliza kama mzazi anafahamu madhara ya utoro. Leo tukiyasoma maswali hayo tunaona haya. Ni mzazi gani atakayemwambia mgeni mwenye kalamu kwamba haithamini elimu ya mwanawe?

Kwa siku tatu wanachuo walizunguka nyumba kwa nyumba. Walipokewa kama wageni wanavyopokewa: wakakalishwa kwenye viti vilivyoazimwa kwa jirani, wakapewa mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, na maswali yao yote yakajibiwa. Tuliporudi chuoni tulijumlisha majibu, tukachora majedwali, tukaandika ripoti ya kurasa arobaini. Hitimisho lake lilikuwa kwamba chanzo kikuu cha utoro kijijini hapo ni ukosefu wa mwamko wa wazazi. Neno hili "mwamko" mtalikuta katika ripoti nyingi. Ni neno lenye raha kwa mchunguzi, kwa maana humwezesha kumaliza kazi yake bila kujua jambo lolote: asiyetenda tunayoyataka amelala, nasi tulio macho tumekwisha kutimiza wajibu wetu.

Mwishoni mwa ripoti tuliambatisha orodha ya majina ya watoto waliokosa masomo kwa zaidi ya siku ishirini, pamoja na majina ya wazazi wao. Tulidhani huo ni ushahidi. Nakala moja tulibaki nayo, ya pili tukampa Mwalimu Mkuu, na ya tatu, kwa adabu ya kiofisi, tukaipeleka katika ofisi ya kijiji. Kisha tukaenda likizo.

Tulirudi kijijini Januari 2023, na si kwa ajili ya ripoti. Tulikwenda kuomba nafasi za mazoezi ya kufundisha. Njiani tulipita kwa bibi mmoja aliyewakirimu sana wanachuo wetu mwaka uliotangulia. Tukamwamkia, akaitikia, akatusogezea kigoda, lakini hakutuuliza habari za chuo. Aliendelea kuchambua mchicha wake kwa kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, wenzenu wa chuo kikuu walikuja wakapima maji ya visima. Wa kilimo wakaja wakapima udongo. Nanyi mkaja mkapima watoto. Majibu yetu mliyaweka wapi?"

Kabla hatujapata la kusema akaongeza kwamba jibu moja yeye amekwisha kulipata. Mgambo walikuja nalo mwezi wa Agosti. Mjukuu wake alikuwa mmoja wa watoto walioandikwa katika orodha yetu. Jina lake lilisomwa mbele ya wenzake asubuhi, wamesimama mstarini. Mama yake akaitwa ofisini pamoja na wazazi wengine, akatozwa faini, na kwa kuwa hakuwa na fedha akauza mpunga aliouweka kuwa mbegu. Tuliuliza mtoto yuko wapi. Bibi akatujibu kwamba yuko mjini, anafanya kazi za ndani. Aliona aibu kurudi darasani. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Hatukumbuki tulivyoaga. Twakumbuka tu kwamba tulirudi chuoni kwa miguu ingawa tulikuwa na baiskeli, tukiikokota.

Juma hilo tuliingia katika stoo ya maktaba, mahali ambapo wakufunzi hatufiki sana, kutafuta kama wenzetu waliotutangulia waliwahi kwenda katika kijiji kile. Walikwenda. Tulikuta ripoti saba za miaka mbalimbali, mbili zimeliwa na mchwa. Zilihusu vyoo, lishe, kisomo, na moja ilihusu utoro kama ya kwetu. Zote zilikuwa na sura ya mwisho yenye mapendekezo kwa wanakijiji, na hata moja haikuwa na dalili kwamba ilipata kuonwa na mwanakijiji. Kumbe bibi yule alikuwa anauliza swali la miaka mingi.

Katika stoo hiyohiyo yalikuwamo maandishi ya miaka ya 1970 na 1980 juu ya kazi ambazo vyuo na vijiji vilifanya pamoja katika nchi yetu, na hayo tuliyasoma kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Wengi wenu mmekwisha kusikia juu ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilipata kujitegemea mwaka 1975. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza, wakiwamo walimu wa shule za msingi. Kisha kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu na mwenzao ajuaye kusoma, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu. Majadiliano hayakuishia katika kuelewa. Kila kikundi kilitakiwa kuamua kitatenda nini hapo kilipo, na watu wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka vichaka kandokando ya nyumba. Hata hivyo hapana budi tuseme kwamba somo lenyewe lilichaguliwa Dar es Salaam. Vikundi vilipewa nafasi ya kujadili jibu kuliko nafasi ya kujadili swali.

Ndiyo maana kazi iliyotugusa zaidi ni ndogo kuliko hiyo, nayo ilifanyika katika kijiji cha Bwakira Chini, mkoani Morogoro, katikati ya miaka ya 1970. Tatizo lilikuwa nafaka kuharibika ghalani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na wenzake walikwenda huko na wataalamu, na ingekuwa rahisi kwao kuwapelekea wakulima ghala la bati au la saruji lililokwisha kuchorwa mjini. Hawakufanya hivyo. Walikaa kijijini, kamati ya wanakijiji ikaundwa, nao wakakaa pamoja wakawataja maadui wa nafaka mmoja mmoja: panya, wadudu, unyevu. Wakayachunguza maghala yaliyokuwapo, wakaulizana kila sehemu ya ghala inafanya kazi gani na inashindwa wapi. Mwisho wake walilitengeneza upya ghala la wenyeji liitwalo dungu, kwa vifaa ambavyo mkulima angeweza kuvipata. Wengi wetu tunalijua dungu kama ulingo wa shambani, mtu anapokaa kulinda mazao. Huko ni mahali mazao yenyewe yanapowekwa. Mwanachuo atakayekwenda na maana moja tu kichwani ataandika dodoso lake lote juu ya kitu kingine.

Tulisoma pia juu ya Jipemoyo, mradi ulioanza mwaka 1975 magharibi ya Bagamoyo, ambamo watafiti wa Tanzania na wa Finland waliishi vijijini na kuchunguza mambo pamoja na wakulima na wafugaji. Wala tusidhani kwamba hayo ni ya wasomi wa chuo kikuu peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu Korogwe kilishirikiana na kijiji cha Kwamsisi, wilayani Handeni, kujaribu shule ya jamii: kazi za kijiji zikaingia katika masomo, na wanakijiji wakaingia katika uendeshaji wa shule. Chuo cha ualimu, kama hiki chetu.

Mwezi wa Februari tulimwomba Mwenyekiti wa kijiji ruhusa ya kuzirudisha ripoti. Alituuliza mara mbili kama ni kuzirudisha au kuleta nyingine. Siku ya mkutano mkuu wa kijiji tulianza kwa kuomba radhi kwa ajili ya orodha, na tukaiomba ofisi ya kijiji isiitumie tena. Juu ya faini zilizokwisha kutozwa hatukuwa na uwezo. Mama wa yule mtoto tulimrudishia mbegu kwa fedha zetu. Alizipokea bila kusema ahsante, na alikuwa na haki.

Kisha tukasoma ripoti yetu kwa sauti. Tulipofika kwenye ukosefu wa mwamko palitokea kicheko ambacho hatukukitarajia. Mzee mmoja akasimama.

"Mwalimu," akasema, "hapa sisi tunaamka saa kumi za usiku. Ndege ndiye anayetuamsha."

Ndipo tulipoelezwa jambo ambalo mtoto yeyote wa bonde lile angeweza kutueleza. Mpunga unapoanza kutia maziwa, kuanzia Aprili, kweleakwelea na ndege wengine hushuka kwa makundi, na jaruba lisilo na mtu kwa siku mbili tatu huweza kubaki makapi. Basi kila kaya hupeleka mtu kuamia. Lakini kaya moja huwa na majaruba mahali pawili, pengine patatu, maana kila mtu hutafuta kuwa na shamba la juu na la chini ili mafuriko yakichukua moja libaki jingine. Baba yuko huku, mama kule, na kwenye jaruba la tatu yuko mtoto wa darasa la tano na teo lake. Chakula cha mwaka mzima kinategemea majuma hayo manane. Tuliyapitia tena maswali yetu thelathini na moja, pale pale mbele ya watu. Neno "ndege" halikuwamo.

Msidhani kwamba baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Mkutano uligawanyika. Wengine walitaka shule ianze saa tano katika miezi hiyo. Mwalimu Mkuu akaeleza kwamba ratiba si mali yake. Wengine walisema ndege hula kutwa, hakuna saa ya kupumzika. Yule mzee akabisha: jua likiwa kali ndege hukaa mitini, hurudi jioni. Mwingine akasema hayo ni ya zamani, ndege wa siku hizi hawana adabu. Ubishi ukawa mkali, na sisi kwa mara ya kwanza tukanyamaza, si kwa hekima bali kwa kutojua. Lakini hapohapo tuliona kwamba kazi ya chuo imepatikana. Swali lilikuwa la kwao, wenyewe hawakuwa na hakika ya jibu, na lilikuwa swali ambalo kuhesabu kungeweza kulijibu. Walimu tunajua kufundisha kuhesabu.

Tunaeleza sasa jinsi somo lilivyofanyika, kwa kuwa huenda likawafaa. Mwezi wa Aprili mwanachuo mmoja alikuwa anafanya mazoezi ya kufundisha hisabati darasa la tano, na mada ya takwimu ilikuwa mbele yake: kukusanya, kuweka katika jedwali, kuchora grafu. Katika vitabu mifano ya mada hii huwa idadi ya maembe waliyokula Asha na Juma. Tulikubaliana naye aweke ndege mahali pa maembe. Majaruba saba yalichaguliwa na wanakijiji wenyewe, mengine karibu na mto, mengine karibu na miti, mengine katikati ya bonde. Katika kila moja tuliweka vifuu kumi na viwili kwa mstari, kila kifuu saa moja, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kundi la ndege likitua, mlinzi hutia kokoto moja katika kifuu cha saa hiyo. Waliohesabu asubuhi walikuwa watu wazima. Watoto walishika zamu baada ya masomo, ili tusije tukatibu utoro kwa utoro. Saa zilitambuliwa kwa kengele ya shule, ambayo husikika bondeni, na mahali isiposikika kwa simu ya mzazi.

Siku ya kwanza iliharibika yote. Kijana mmoja alitia kokoto kwa kila ndege. Kifuu kikajaa mara moja, akaacha. Msichana mwingine alihesabu kundi moja mara nne, kwa sababu kila alipolifukuza lilihamia jaruba la jirani na kurudi. Kesho yake darasani ukazuka mjadala: kundi ni nini? Ndege watatu ni kundi? Kundi likiruka na kurudi ni moja au ni mawili? Mwanachuo wetu aliingiwa na hofu, akatutazama sisi tuliokaa nyuma tukimkagua, maana mpango wake wa somo haukuwa na mjadala huo. Tulimwashiria aendelee. Watoto waliamua kwamba chini ya ndege kumi si kundi, na kwamba kundi likirudi ni jipya, kwa maana, walisema, mpunga unaliwa upya. Hatujapata kusikia maana bora ya kipimo katika darasa lolote la diploma, pamoja na lile tuliloketi sisi. Wakarudia siku sita.

Grafu ilichorwa kwa mkaa nyuma ya mifuko ya saruji iliyoshonwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya ukubwa ule. Nguzo za saa 12 hadi saa 4 asubuhi zilikuwa ndefu. Kuanzia saa 5 zikapungua zikawa vijiti, zikabaki hivyo hadi saa 9, kisha zikapanda tena kuelekea magharibi. Mzee alikuwa amesema kweli, isipokuwa kwenye jaruba lililo karibu na miti ya mto, ambako ndege hawakupumzika hata mchana. Kwa hiyo na yule aliyembishia alikuwa amesema kweli, kwani lile jaruba lilikuwa lake.

Grafu ilitundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji mwezi wa Mei. Watu waliisoma kwa vidole, wakitafuta jaruba lao. Kutokana nayo waliamua jambo ambalo sisi tusingeliwaza: majaruba yanayopakana yawe kundi moja la kaya tano. Watu wazima wa kundi washike asubuhi; mchana mtu mmoja atoshe kwa majaruba mengi; watoto waingie jioni wakitoka shule. Palitokea ugomvi juu ya wajane wasio na mtu mzima wa kutoa zamu, na ulichukua mikutano miwili kabla ya kukubaliwa kwamba kundi litawabeba. Majaruba ya kando ya mto hayakuingia katika mpango, na watoto wa huko hukosa shule mpaka leo.

Msimu ule wa 2023 ulikuwa umekwisha kupita nusu. Mpango ulianza hasa Aprili 2024, na mwezi wa Mei madarasa hayakubaki nusu tena. Tungependa kuishia hapo. Lakini masika ya mwaka huo yalikuwa makubwa, mabonde mengi nchini yalifurika, na katika bonde letu majaruba ya chini yalizama. Mpunga wa kulinda ulikuwa mchache. Je, watoto walikuja shule kwa sababu ya zamu au kwa sababu ya mafuriko? Mwanachuo aliyetaka kuandika katika ripoti yake kwamba mpango umefaulu tulimzuia, naye hakufurahi. Msimu wa 2025 ulitupa jibu lililo karibu na ukweli: mahudhurio yalishuka tena, ila si kama zamani, na makundi mawili ya kaya yalikuwa yamekwisha kuvunjika kwa ugomvi wa mipaka.

Yule mjukuu alirudi Julai 2023, baada ya bibi yake kumfuata mjini mara mbili. Alipokewa vizuri, akakaa muhula mmoja, akaondoka tena. Tangu hapo sharti letu kwa kila mwanachuo ni kwamba jina la mtoto lisitoke nje ya daftari la mahudhurio, hata mwenye kuliomba akiwa na muhuri. Daftari hilo ni la kumtafutia mtoto njia ya kurudi darasani. Likigeuka kuwa hati ya mashitaka, mzazi atajifunza kumficha mtoto, nanyi mtabaki mkifundisha madawati.

Limebaki suala la visima. Bibi hakulisahau, nasi hatukuthubutu kulisahau. Katikati ya mwaka 2023 wanachuo waliandika barua kwa chuo kikuu ambacho mwanafunzi wake alipima maji, wakiomba matokeo. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, la heshima sana, pamoja na nakala ya tasnifu. Ilikuwa kwa Kiingereza, kama tasnifu za vyuo vikuu vyetu zilivyo aghalabu. Wanachuo wanne walikaa na kamusi usiku mbili, wakatafsiri kurasa zilizohusu kijiji hicho, na hapo tukaona kwamba mmoja wa visima vitatu ulikutwa na vijidudu vya kinyesi. Upimaji ulikuwa umefanyika miaka minne kabla. Kwa miaka minne jibu lilikuwa limepangwa vizuri katika rafu ya maktaba, na kijiji kilikuwa kinakunywa.

Hatudhani kwamba yule kijana wa chuo kikuu alikuwa na moyo mbaya. Alitakiwa kuandika tasnifu, akaiandika, akapata shahada yake. Hakuna aliyemtaka aandike pia ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuusoma chini ya mwembe. Nasi hatukutakiwa. Ninyi mtakaopangiwa shule karibu na mahali watafiti wanapopita mnaweza kuwataka. Mwulizeni mgeni, kabla hajaondoka, atarudi lini na jibu na atalileta kwa lugha gani. Asiporudi, mwandikieni; mna wanafunzi wanaohitaji kujifunza uandishi wa barua, na barua yenye mahali pa kwenda huandikwa vizuri kuliko ile ya kumwomba mjomba ada katika kitabu cha mazoezi.

Kurasa zile zilisomwa kwenye mkutano wa Desemba. Watu hawakusema mengi. Juma lililofuata kisima kile kilizungushiwa ua wa miti ili ng'ombe wasikikaribie, na kina mama wakakubaliana kwamba maji yake yawe ya kufulia tu mpaka yapimwe upya. Kuyapima si kazi ya chuo chetu, hatuna vifaa. Barua ya kwanza ya kuomba upimaji ilipelekwa katika ofisi inayohusika Februari 2024, ikiwa na sahihi ya Mwenyekiti na alama za vidole za wajumbe wawili. Ya pili ilipelekwa mwaka huu. Hadi tunaandika makala haya haijajibiwa, na darasa la sita wanaandika ya tatu.